Sumu haitalinda kuku wetu dhidi ya mbwa wa nyumbani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika kwamba mbwa akishaonja damu ya kuku hana dawa ila kuuawa, na kwamba mwenye huruma amfunge shingoni kuku aliyekufa mpaka aoze. Barua ile imesomwa sana hapa mtaani kwetu Mandewa, Singida. Tangu itoke nimewasikia akina mama wawili sokoni wakiulizana dawa ya panya ipi ina nguvu zaidi. Sikuweza kunyamaza.

Mimi nafuga kuku wa kienyeji, na nafuga mbwa, katika ua mmoja. Kuku ndio walionisomeshea watoto. Hapa Singida wote tunajua kuku ni nini: matenga yanapandishwa kwenye mabasi kwenda Dodoma na Dar es Salaam, na kuna nyumba ambazo ada ya shule, sare na dawa za hospitali vyote hutoka bandani. Kwa hiyo anayeandika hapa anajua uchungu wa kuku. Tetea akiuawa wakati ameanza kutaga, hujapoteza kitoweo cha siku moja. Umepoteza mayai ya mtago ule, vifaranga ambavyo vingetoka baada ya siku 21 za kuatamia, na mitetea ambayo ingetaga mwakani. Lakini nisipokuwa na mbwa, wezi wa kuku watabeba banda zima usiku mmoja, na nguchiro na vicheche watamaliza watakaobaki. Nawahitaji wote wawili, na naamini wafugaji wengi wanaosoma barua hii wako katika hali hiyohiyo.

Msomaji yule anasema mbwa muuaji ana roho mbaya, kwa sababu aliua kuku kadhaa na hakula hata mmoja. Ni kweli mbwa hufanya hivyo, hata aliyeshiba ugali na dagaa. Lakini mtazame mbwa anapomwona kuku. Kwanza anakaza macho, masikio yanasimama. Kisha anainamisha kichwa na kunyata. Kuku akiendelea kuparura taratibu, mara nyingi mbwa huishia hapo, akageuka. Kuku akishtuka akapiga mbawa na kukimbia huku analia, hapo kila kitu ndani ya mbwa kinawaka: anakimbiza, anakamata, anatikisa, shingo inavunjika. Yule akitulia, mbwa anamwacha, kwa kuwa mwingine bado anakimbia. Kinachomvuta ni mbio na kelele, wala si njaa, ndiyo maana anaacha nyuma kuku watano wasioliwa. Mbwa wawili wakiwa pamoja ni hatari zaidi ya mara mbili, maana mmoja akianza mwingine hawezi kujizuia.

Sasa nani humfundisha mbwa kukimbiza kuku? Naomba kila mwenye nyumba ajibu swali hili kwa dhati. Wageni wanakuja Jumapili, saa nne asubuhi. Mama anasema achinjwe jogoo yule mwekundu. Watoto wanne wanaanza kumkimbiza kuzunguka nyumba, wanapiga kelele, wanacheka, jogoo anapita chini ya kamba ya nguo, anaruka juu ya beseni, na mbwa yuko nao katikati, anabweka, anapongezwa. Wakati mwingine ni yeye anayemkamata jogoo, na watu wanamsifu: mbwa huyu ana akili! Baada ya hapo anatupiwa kichwa, miguu na utumbo, bado vina joto na manyoya. Wiki ijayo mbwa yuleyule anamkimbiza tetea, hakuna wageni, hakuna aliyemtuma, na anapigwa mpaka anachechemea. Amefanya kazi aliyofundishwa mbele ya familia nzima.

Kuku wa mgeni akamatwe usiku, bandani, akiwa amelala kwenye kichanja. Kuku gizani haoni vizuri na hakimbii. Unamchukua kwa mikono miwili, unamweka ndani ya tenga mpaka asubuhi, basi. Hakuna mbio, hakuna kelele, na hata nyama inakuwa ya kuku aliyetulia. Utumbo, kama lazima umpe mbwa, uchemshwe na uwekwe kwenye bakuli lake, mbali na banda. Manyoya yafukiwe.

Jambo la pili ambalo sijaona likiandikwa ni bakuli la mbwa. Katika nyumba nyingi mbwa hufungwa mnyororo mchana kutwa, na ukoko wa ugali umebaki kwenye bakuli lake tangu asubuhi. Kuku anajua kuhesabu urefu wa mnyororo, lakini ugali unamzidi nguvu. Anasogea hatua moja, anadona, anarudi. Anasogea tena. Mbwa aliyelala na jicho moja wazi anaona kiumbe kinakula chakula chake. Vifo vingi vya kuku ninavyoitwa kuviona kwa majirani vimetokea hapo, mita moja kutoka kwenye bakuli, na mbwa alikuwa amefungwa. Mlishe mbwa usiku, kuku wakiwa wameshaingia, na bakuli liondolewe kabla hawajatoka. Siku ukilazimika kumlisha mchana, simama naye mpaka amalize.

Tatu ni alfajiri. Kwa maneno, mbwa na kuku hawakutani: mbwa yuko huru usiku, kuku wako huru mchana. Lakini tazama alfajiri yenyewe ilivyo. Mtoto anayewahi shule ameambiwa asisahau kufungua banda, na analifungua hata kabla ya kunawa uso. Mbwa bado anazunguka, damu imechangamka. Kuku wanatoka kwa pupa, wanaruka chini mmoja baada ya mwingine, wanapiga mbawa, wanagombania punje za kwanza. Hapo ndipo watu hupoteza kuku, na jioni hivyohivyo, pale mbwa anapofunguliwa wakati kuna tetea mmoja aliyechelewa bado anatafuta njia ya kuingia. Nyumbani kwangu mnyororo wa mbwa na ufunguo wa banda vinaning'inia kwenye msumari mmoja jikoni, ufunguo ndani, mnyororo juu yake. Huwezi kuchukua ufunguo bila kwanza kushika mnyororo. Mjukuu wangu wa darasa la pili anaijua kanuni hiyo: mbwa kwanza. Jioni ni kinyume chake, kuku wahesabiwe wote ndipo mbwa afunguliwe.

Na huo mnyororo wenyewe, ndugu zangu. Mbwa aliyefungwa mahali pamoja tangu asubuhi mpaka usiku, juani, akitazama kuku wakipita mbele yake siku nzima, anajazwa hamu ambayo itatoka siku moja. Mfungeni kivulini, mahali ambapo haoni kuku wakiparura. Jioni mtoto mkubwa amtembeze kwa kamba. Wangu, anaitwa Chui, hupelekwa mpaka kwenye yale mawe makubwa na kurudi, akinusa kila kichaka. Akirudi hana haja na kuku, anataka maji na kulala.

Nije kwenye ushauri wa kumfunga mbwa kuku aliyekufa shingoni. Mbwa huunganisha adhabu na kile alichokuwa akikifanya dakika ileile. Aliua asubuhi, wewe umemfunga mzoga mchana, akabaki nao siku tatu. Anachojifunza ni kwamba binadamu anatisha na kwamba shingoni pana uvundo. Inzi wanamjaa, funza wanaingia kwenye kidonda chochote alicho nacho, na watoto wanaocheza naye wanashika uchafu ule. Nimeona mbwa wa jirani aliyefanyiwa hivyo. Alipofunguliwa, alikula ule mzoga, na mwezi haukuisha kabla hajakamata kuku mwingine.

Sumu ni mbaya zaidi, na hapa naomba nisikilizwe kwa makini. Mtaani kwetu iliwahi kutupwa nyama iliyopakwa sumu ya wadudu, ikimlenga mbwa mmoja. Walikufa mbwa wa nyumba tatu, wakitetemeka na kutokwa povu mbele ya watoto. Mbwa mmoja alitapika nyuma ya choo chetu kabla ya kufa. Kuku wangu walifika pale kabla yangu, wakadona matapishi. Kufikia mchana walikuwa wamelala ubavu, mabawa yamelegea, ute unawatoka mdomoni. Nilipoteza kuku wengi siku ile moja kuliko ambao mbwa yeyote amewahi kuniulia. Na pale palipotupwa nyama ile, watoto wadogo hupita wakitambaa. Anayedhani anatega sumu kwa ajili ya mbwa mmoja, ameitega kwa mtaa mzima. Nchi yetu ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na mnyama hatakiwi kuuawa kwa mateso ya namna ile. Kama mbwa wa jirani amekuulia kuku, mwenyekiti wa mtaa yupo. Mketi, jirani alipe kuku na amfunge mbwa wake. Kwetu mashauri ya namna hiyo yamekwisha kwa njia hiyo na watu wakaendelea kuazimana chumvi.

Sasa ujenzi, maana bila kizuizi maneno yote haya ni bure. Ule wavu mwembamba wa matundu ya pembe sita unaouzwa kwa mita madukani unamzuia kuku asitoke. Haumzuii mbwa asiingie. Mbwa mwenye nia huuvuta kwa meno mpaka unachanika. Kwa upande ambao mbwa anafika, tumia wavu wa chuma uliochomelewa, wenye matundu ya mraba. Ukiwa na fedha kidogo, nunua wa kutosha usawa wa kiuno tu, na juu yake uweke ule mwembamba. Chini, mpaka usawa wa goti, mimi nimezungushia bati chakavu upande wa nje. Bati lina kazi mbili. La kwanza, mbwa haoni vifaranga vikikimbia huku na huko, na asichokiona hakimwashi. La pili, kuku wanaolala wakiegemea wavu hawang'atwi miguu kupitia matunduni, jambo ambalo wengi hawalijui mpaka wakute kuku asiye na vidole.

Mbwa hufukua pale ukuta unapokutana na ardhi, hapo hapo kabisa. Kwa hiyo laza chini kipande cha wavu chenye upana wa nusu mita, kianzie kwenye ukuta wa banda kwenda nje, kifunike kwa udongo na uweke mawe juu. Mawe Singida hatuyatafuti. Mbwa akianza kufukua, kucha zinagonga wavu, anajaribu tena palepale, anachoka. Hana akili ya kurudi nyuma nusu mita aanzie huko. Mlango nao: kile kipande cha mbao kinachozungushwa kwenye msumari mbwa hukisukuma kwa pua. Weka komeo la chuma linaloingia tunduni, na mlango ufungukie nje ili akiusukuma azidi kuubana. Banda likiwa limeinuliwa juu ya nguzo, ziba chini kwa mabanzi, maana mbwa akilala chini ya kichanja usiku kucha, kuku hawalali na mayai yanapungua. Kuku wanaoruka uzio wapunguzwe manyoya ya bawa moja tu, wakose uwiano wa kuruka.

Kuna desturi yetu moja inayohitaji kuangaliwa upya kwenye nyumba yenye mbwa. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, tunasema, na ni kweli akiachwa huru anarudi alikotoka au anapotea. Lakini kuku aliyefungwa kamba uani anaruka, anaanguka, anajinyonganyonga, hana pa kukimbilia. Hakuna kinachomshawishi mbwa kuliko hicho. Kuku mgeni afungiwe bandani au chini ya tenga kubwa lililowekewa jiwe juu, kwa siku kadhaa, mpaka azoee wenzake. Hapo pia utamwona kama ana kideri, ule ugonjwa unaoua kuku kwa wingi, kabla hajawaambukiza wengine.

Mwenye kutaka mbwa mpya, achukue mtoto wa mbwa, na asimtoe kwa mama yake kabla ya wiki nane. Wiki zile za mwanzo mpaka kama miezi mitatu ndizo anazojifunza nini ni cha kawaida duniani. Samaki mkunje angali mbichi. Kila siku mpeleke karibu na kuku akiwa na kamba, dakika chache tu. Kaa naye mbali kidogo. Akiwatazama kuku kisha akakugeukia wewe, mpe dagaa mmoja. Akikaza macho, sema "acha" kwa sauti ya kawaida, rudi nyuma hatua mbili, subiri atulie, ndipo umpe. Kesho sogea kidogo. Ukiona anajilaza chini na kupiga miayo huku kuku wanapita, umefika mbali, lakini kamba bado isitoke. Mama mwenye vifaranga naye ni mwalimu: anavimbisha manyoya, anashusha mabawa, anamdona mtoto wa mbwa puani. Chui alidonwa namna hiyo akiwa mdogo, na mpaka leo, mkubwa alivyo, mama wa vifaranga akipita yeye huzunguka nyuma ya nyumba. Mwangalie tu asidonwe jicho.

Mbwa mkubwa ambaye tayari ameshaua ni suala jingine. Huyo anaweza kufundishwa utulivu akiwa na kamba, na nimeona ikifanyika, lakini sitamshauri mtu amwache huru na kuku hata siku moja, awe ametulia miezi mingapi. Huyo ni wa uzio na ratiba, maisha yake yote. Na bado ni mlinzi mzuri wa usiku, hakuna sababu ya kumwua.

Kuku akiponyoka mdomoni mwa mbwa, usimwangalie kwa juu ukasema amepona. Meno ya mbwa hutoboa ngozi na manyoya yakafunika. Mtenge mahali penye kivuli na giza kidogo, atulie kwanza, maana mshtuko peke yake huua. Kisha funua manyoya upande upande, hasa mgongoni na chini ya mabawa. Osha matundu kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, nusu lita kwa kijiko kimoja kidogo cha chumvi. Mweke mbali na wenzake, kwa sababu wakiona damu watamdona, na mbali na inzi. Kidonda kikubwa ni cha ofisa mifugo.

Neno moja la hatari kuliko yote. Mbwa aliyeishi na kuku kwa amani miaka, ghafla akaanza kuwashambulia, akang'ata hata fito na mawe, sauti imebadilika, udenda unamtoka, huyo si mlafi. Inaweza kuwa kichaa cha mbwa. Ondoa watoto, mfungie bila kumshika kama unaweza, ita ofisa mifugo. Aliyeng'atwa aoshe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo kuchomwa chanjo, kwa sababu dalili zikishaanza kwa binadamu hakuna dawa. Mbwa achanjwe kila mwaka. Tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na sehemu nyingi chanjo hutolewa kwa wingi wakati huo.

Nina ombi kwa maofisa mifugo wa kata zetu. Mnapopita na chanjo ya kideri, ile ya tone moja jichoni kila baada ya miezi mitatu, watu wote hutoka na kuku wao na kuna nusu saa ya kusubiri foleni. Tumieni nusu saa hiyo kuzungumzia mbwa. Semeni kuhusu bakuli, alfajiri na wavu wa chini. Sisi akina mama tunakuja na watoto, na watoto ndio wanaofungua mabanda na kufungua minyororo. Wakielewa wao, kazi imekwisha nusu.

Na kwa msomaji aliyeandika barua ile: kama mbwa wako bado yu hai, usimpe sumu yoyote. Afungwe leo upande wa pili wa nyumba, kuku wabaki bandani na mashudu ya alizeti na maji kwa siku hizi mbili tatu, wakati unatafuta wavu. Ukifika Singida, ulizia wafugaji wa Mandewa uone mabanda yetu. Njoo na fundi wako wa mbao, na futi ya kupimia.

Mama mfugaji,
Mandewa, Singida